Kitabu Hakipandi Ndege

Fundi alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo siyasemi. Mengine siyajui, na yale ninayoyajua si yangu kuyatoa. Mimi nitaanza na draya.

Draya ni ile kofia kubwa ya umeme ya kukaushia nywele, mwanamke anaingiza kichwa chote ndani na kukaa kama kuku ndani ya tenga. Saluni yetu ya Greyville, hapa Durban, Afrika Kusini, karibu na uwanja wa mbio za farasi, ilikuwa na draya nne, na kila moja ilikuwa na pasipoti yake. Sitanii. Daftari dogo limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa draya, na ndani yake mumeandikwa: leo imefanya kazi saa ngapi, nani ameiwasha, imekohoa au haikukohoa. Saa zikifika mia mbili, hata kama draya inapuliza vizuri kama upepo wa Mungu, Fundi anakuja, anaichomoa kwenye umeme, anatandaza gazeti chini na kuifungua yote, msumari kwa msumari, ile ya bisibisi. Wateja wanasubiri na vichwa vimelowa. Wasusi walimcheka mpaka wakachoka.

"Fundi, draya iko na pasipoti, weye je?"

"Draya inastahili," anajibu bila kuinua macho. "Yenyewe haijawahi kusema uongo."

Sisi sote pale, Wakongomani na Warundi, hatukuwa na pasipoti. Tulikuwa na ile karatasi ya ukimbizi, ya kuongezewa muda kila mara. Kwa hiyo mzaha ule ulituchoma sote, ila ukichomwa pamoja na wenzako unacheka.

Mimi nilikuwa nauza chakula mlangoni pa saluni hiyo, fufu ya unga wa muhogo, sombe ya majani yake na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na bado nauza. Shule niliishia darasa la tatu kule Uvira, Kongo, kwa hiyo mtu akitafuta maneno mazuri aende kwa wengine. Lakini Fundi nilimjua. Tuliishi nyumba moja kule Sydenham, nyumba kuukuu ya vyumba vitatu ambayo mwenye nyumba aliigawa kwa mbao ikawa ya vyumba saba. Kati ya kitanda changu na chake palikuwa na ubao mwembamba hivi kwamba akigeuka nilijua amelalia upande gani. Nisifikiriwe vibaya. Mimi ni mjane wa siku nyingi, naye alikuwa mtu wa kujifungia. Aliniita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa nadhani alinizidi miaka miwili mitatu. Nilimwacha. Mwanamume akikuita dada, amekupa heshima na amejiwekea mpaka.

Alikuwa mwembamba, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata siku zile za Januari ambapo Durban inakuwa kama sufuria iliyofunikwa. Mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mikubwa, mizito, kucha zimekatwa fupi kama za mkunga. Akishika kikombe unaogopa kitavunjika, akishika msumari mdogo wa saa unaona vidole vinakuwa vya mtoto. Chai alikunywa bila sukari, anatia jemu mdomoni kwanza, halafu chai inaifuata. Nilimwambia hiyo ni tabia ya kichawi. Akasema ni tabia ya Warusi.

Ndiyo hapo nilipojua. Ujana wake jeshi la kwao lilimpeleka Urusi, mji wa baridi, kusomea helikopta za vita. Miaka mitatu. Kwanza walimfundisha lugha, halafu chuma. Akikasirika alitukana Kirusi, akihesabu alihesabu Kirusi, na nadhani hata ndoto zake zilikuwa za huko, maana kupitia ule ubao nilisikia maneno yanayokwaruza kama mtu anayeparua magamba ya samaki.

Kuna mwaka meli za kivita za Kirusi zilikuja kufanya mazoezi na wanamaji wa hapa. Watu walibishana kwenye redio kama ni vizuri au ni vibaya. Fundi yeye alivaa shati jeupe akaenda bandarini, akasimama nje ya uzio siku nzima, bila kula. Jioni alirudi amefurahi kama bwana harusi. Vijana wawili wa meli walipita karibu, akawasalimia.

"Wakasemaje?" nikamuuliza.

"Wameshtuka, Yaya. Mmoja amenipa sigara. Akaniambia, weye mzee unaongea kama babu yangu marehemu." Akacheka, halafu akaigeuzageuza ile sigara vidoleni. "Lugha yangu imezeeka mule ndani yangu. Hakuna wa kuongea naye."

Sigara yenyewe hakuivuta. Aliiweka juu ya kabati kama picha ya mama yake.

Sasa biashara ya nchi kununua silaha mimi nilikuwa naifikiria kama soko: unalipa, unachukua, kwaheri. Fundi alinifundisha. Tulikuwa tunachambua majani ya muhogo pale uani, mimi nachuma yeye anatwanga, alikuwa mtwangaji mzuri, na akaniambia hivi: "Mrusi hauzi helikopta, Yaya. Mrusi anaozesha binti." Ukishaoa, anasema, umeoa na ukoo. Binti anakuja na shangazi, ndio waalimu. Anakuja na mjomba, ndio fundi wa kiwanda. Kila baada ya saa fulani za kuruka, lazima arudi kwa wazazi wake kufunguliwa na kuangaliwa, na ni wazazi wake tu wanaojua kumfungua. Vipuri huwezi kununua kwa jirani. Siku mkigombana na wakwe, binti anakaa kitandani hapiki.

"Na siku hizi," akasema, "wakwe wenyewe wana vita yao. Vipuri wanakula wao kwanza."

Fundi alikuwepo siku wakubwa wa nchi yake walipokwenda kununua. Alikuwa bado mwanafunzi, wakamchukua awe mkalimani. Alisimulia huku akicheka, lakini kile kicheko cha pua. Wakubwa walivaa makoti ya manyoya ya kuazima, wakasimama kwenye theluji, helikopta ikaja ikapiga roketi kwenye kilima, kilima kikaruka. Wakapiga makofi. Mezani wakaletewa orodha ndefu. Jenerali mmoja akachukua kalamu na kuuliza, hiki nini? Fundi akatafsiri: mkokoteni wa umeme wa kuwashia injini. Kinapiga risasi? Hapana, mkubwa. Akakifuta. Hii nini? Mapanga ya akiba, yale yanayozunguka juu. Akayafuta. Hii? Masomo ya mafundi. Akapunguza. Mahali pote alipofuta akaongeza roketi.

"Nami nilitafsiri vizuri," Fundi akasema. "Hata neno moja sikukosea."

Pamoja na helikopta alikuja nchini kwao mwalimu Mrusi, mzee mnene aliyependa ndagala mpaka na vichwa. Huyo ndiye aliyemtia Fundi ile dini ya madaftari. Kila helikopta ilikuja na kitabu chake, cha jalada gumu, kimeandikwa Kirusi chote. Ndani muna maisha yake yote: imezaliwa lini, imeruka saa ngapi, imefunguliwa mara ngapi, nani ameigusa. Wao walikiita pasipoti. Na sheria ya kwanza ya mwalimu ilikuwa hii: kitabu hakipandi ndege. Ndege inaruka, kitabu kinabaki chini kwa fundi. Kwa sababu ndege ikianguka, chuma kitaungua na watu wataungua, lakini kitabu kitabaki kuwaambia walio hai ni kwa nini.

Nilikaa na neno hilo miaka bila kujua limebeba nini.

Ngoja niseme na ubaya wake, mtu si picha ya kalenda. Alikuwa bahili wa maneno mazuri. Kanisani alikuja kila Jumapili, aliimba, sauti nzuri ya chini, lakini meza ya Bwana ikiandaliwa alitoka nje kwenda kuangalia magari. Pasta alimuuliza, akasema ana tatizo la tumbo. Tumbo la miaka kumi! Lifti hakupanda. Tulikwenda kumwona mgonjwa wetu kwenye gorofa ya tisa, akapanda ngazi, akafika juu amelowa jasho, akauliza kama lifti ina daftari. Na yule mtu mkali hivyo kwa ukweli wa draya, mwenyewe alikuwa amejiandikisha serikalini kama mkulima wa maharagwe.

Hicho kilikuwa kichekesho chetu kikubwa. "Mkulima! Mvua itanyesha?" wasusi wanamwita. Alipofika Durban, kwa barabara, nchi baada ya nchi, alipanga foleni kwenye ofisi ya wakimbizi. Foleni ile ina walimu wake. Mtu mbele yako anakugeukia, anakupima, anakuambia: wewe sema kijiji kimechomwa. Sote tunasema kijiji kimechomwa. Ukisema jeshi, watakuuliza uliua nani, watakuweka kando. Fundi akasikiliza. Akaazima kijiji cha mtu, akaazima moto wa mtu, akaingia ndani na mikono ile iliyojaa grisi akasema yeye analima maharagwe. Wakaandika. Na tangu siku hiyo, kila akienda kuongezewa muda, lazima awe mkulima yuleyule wa kijiji kilekile, asikosee hata jina la mto.

Mimi simcheki kwa hilo. Mimi mwenyewe moto wangu ulikuwa wa kweli, lakini nilijifunza kuusimulia kama walivyotaka.

Akirudi kutoka kule alikuwa anaketi uani na karatasi mpya mkononi. "Yaya," ananiambia, "kwenye helikopta, saa zikiisha, kuna njia mbili. Unaifungua yote uone ndani. Au unaiongezea saa kwa muhuri tu, bila kuifungua. Mimi wananiongezea bila kunifungua. Miaka yote hii."

"Si umshukuru Mungu? Wakikufungua watakuta hakuna shamba."

"Ndiyo maana naogopa, na ndiyo maana nachoka."

Sasa nifike kwa Mama Divine.

Mama Divine alikuja saluni kama msusi, mwanamke mkimya, vidole vya haraka, anasuka kama anaandika barua. Alitoka nchi ileile ya Fundi. Tulimuuliza habari za mume, kama wanawake wanavyouliza. Akasema mume wake alikuwa rubani wa helikopta za jeshi, akaanguka nayo kwenye kilima pamoja na askari, na wake za askari wawili waliokuwa wanafuata waume zao. Redio ya serikali ikasema rubani alikuwa amelewa.

"Yeye Msabato," akasema Mama Divine, kichwa cha mteja kiko magotini pake, hakuacha kusuka. "Hata chai ya majani hakunywa. Wamama wa wale askari walikuja kupiga mawe kwenye bati langu. Mtoto wangu shuleni wanamwita mtoto wa mlevi. Ndiyo nikaondoka. Lakini hata hapa Durban, Mrundi mmoja, Mkongomani mmoja, akisikia jina letu anasema: aa, yule mlevi."

Mimi nilikuwa napakua fufu. Nikageuka, nikamwona Fundi chini, gazeti limetandazwa, draya ya Mama Divine iko wazi mbele yake kama ng'ombe aliyechunwa. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na bisibisi. Siku hiyo aliirudisha ile draya ikabaki na msumari mmoja nje. Fundi! Msumari mmoja nje! Na kwenye daftari akaandika tarehe isiyo ya siku hiyo.

Tangu hapo akawa anamkimbia Mama Divine kama mtu anayekimbia mvua, na huku draya yake ndiyo iliyosafishwa kuliko zote. Wasusi wakasema, Mkulima amependa. Mama Divine naye alifikiria hivyo kidogo, niliona, alianza kumwekea chai. Nilitaka kucheka. Sikujua.

Nilikuja kujua kwa ujio wa mtu mwingine, na viatu vyake ndivyo nilivyoviona kwanza.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, alikuja uani kwetu Sydenham mtu wa viatu vya ngozi iliyong'aa, safi, na Sydenham ile ina vumbi. Akaketi kwenye ndoo yangu bila kuambiwa karibu. Fundi alipotoka chumbani na kumwona, alisimama mguu sawa. Mzee wa umri ule! Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa.

"Ajida wangu," akasema Mtu wa Viatu, akimwita kwa cheo chake cha jeshini. "Tumekutafuta. Kumbe unatengeneza nywele za wanawake."

"Natengeneza draya, kamanda."

"Warusi wamerudi. Mkataba mpya umesainiwa, ndege mpya, waalimu wapya vijana, hakuna anayewaelewa. Wale mafundi wenzako wamekufa, wamezeeka. Tunataka mtu wa lugha. Utapewa cheo chako, nyumba yako, pasipoti. Ya kweli, siyo ile karatasi." Akatazama viatu vyake. "Unarudi na kile kitabu tu. Yaliyopita yamepita."

Mimi nilikuwa natwanga sombe. Nilipiga kinu polepole, ili nisikie.

"Na nikikataa?"

"Nani anakataa kwenda nyumbani?" Akainuka. "Nitarudi Jumamosi ijayo. Na nasikia hapa umeandikishwa mkulima. Ni vizuri. Mkulima akae shambani. Mtu akienda kule ofisini akawaambia, huyu si mkulima, sijui watafanya nini na mzee kama wewe."

Alipoondoka, Fundi alichukua mchi mikononi mwangu akatwanga mpaka majani yakawa maji. Halafu aliingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kipande cha turubai. Kitabu. Jalada gumu, la kijani lililochujuka, kinanuka mafuta. Akaniambia yote pale uani, jua likiwa bado juu, na sauti yake ilikuwa ile ya kusoma daftari.

Kwenye helikopta kuna giaboksi kuu, ile inayogeuza mapanga ya juu. Ya helikopta aliyoitunza ilikuwa imemaliza saa zake. Ilitakiwa kutolewa, kufungwa kwenye sanduku na kurudishwa Urusi kiwandani, kungoja kwa karibu mwaka mzima. Mwalimu Mrusi hakuwepo, mkataba wa waalimu ulikuwa umekwisha na wakubwa hawakuuongeza, waliona ni gharama ya bure. Vita iko. Kamanda, huyuhuyu wa viatu, akaja na kusema: iongezee saa mia mbili. Fundi akasema hilo linahitaji barua ya kiwanda. Kamanda akasema: basi andika kwamba barua iko. Akaandika. Mstari mmoja, kwa Kirusi safi, kwamba kiwanda kimeongeza saa mia mbili kwa barua. Akagonga muhuri ambao mwalimu aliuacha kwake kwa sababu alimwamini.

"Rubani alikuwa na tabia," Fundi akaniambia. "Kabla ya kuruka ananiuliza: Fundi, iko sawa? Siku ile pia akaniuliza. Sikuweza kusema ndiyo, Yaya. Mdomo ulikataa. Kwa hiyo nilimfungulia kitabu, nikamwonyesha ule mstari. Akaupapasa kwa kidole hivi. Akasema: kama kitabu kinasema, sharti iwe sawa. Akapanda."

Kuku wa jirani alikuwa anapita. Nakumbuka kuku huyo vizuri kuliko uso wa Fundi, maana usoni sikumtazama.

"Ilipoanguka, kamanda na wenzake walitaka kukichoma kitabu usiku uleule. Nikakimbia nacho. Kitabu hakipandi ndege."

Nilimkasirikia. Niseme ukweli, nilimtukana. Nikamwambia, mwanamke yule anakuwekea chai! Anasukia watu na jina la mlevi kichwani, na wewe unalalia jina la mume wake chini ya godoro, upande wa pili wa ubao wangu! Mpe kitabu, leo.

"Nikimpa, atafanya nini nacho?" akasema. "Ni Kirusi chote. Durban hii nani atakisoma? Na hata akisoma, ule mstari ni msafi, Yaya, niliuandika vizuri. Kitabu kinasema barua ya kiwanda iko. Anayejua kwamba barua haiko ni mimi na kamanda. Bila mimi, kile kitabu kinamsaidia kamanda."

Hapo ndipo nilipoona ukuta pande zote. Akirudi nyumbani na kitabu, atapata pasipoti, na Mama Divine atabaki mke wa mlevi mpaka kaburini. Akibaki na kunyamaza, kuna Mtu wa Viatu. Akisema, lazima aseme mbele ya watu wa sheria, kwa jina lake na kazi yake, na mara hiyo mkulima wa maharagwe anakufa na karatasi yake. Na kile atakachokuwa baada ya mkulima, fundi wa vita aliyeandika uongo watu wakafa, nani atampa karatasi? Nikafikiri nimtafutie mlango. Nilitafuta wiki nzima, nikiwa nachambua majani. Mlango haukuwepo. Nilichopata ni hiki tu, nikamwambia kupitia ubao asubuhi: "Fundi, weye umeshafungwa. Chagua tu unafungwa na nani."

Nikasikia anafunga kifungo cha juu.

Ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa, kesho yake kuna harusi ya Wakongomani na kila kichwa kinataka kusukwa. Fundi akaingia na kile kifurushi cha turubai. Wasusi wakapiga vigelegele, "Mkulima ameleta mahari!" Akaomba redio izimwe. Akasimama mbele ya Mama Divine, mguu sawa kama alivyosimama mbele ya kamanda, akafungua kitabu na kuanza kusoma. Anasoma Kirusi kwanza, mstari mmoja, halafu Kiswahili. Imezaliwa lini. Imeruka saa ngapi. Majina ya marubani wote, na jina la mume wake likatajwa mara nyingi, safari nyingi, zote zimerudi salama. Wateja wenye povu kichwani wakageuka kumtazama. Alipofika kwenye ule mstari akausoma kama ulivyo. Halafu akasema, "Huu mstari ni wa mkono wangu, na ni uongo. Barua haikuwepo. Mume wako aliniuliza kama iko sawa, mimi nikamwonyesha huu. Hakuwa amelewa. Alisoma nilichoandika."

Mama Divine hakulia. Aliweka kichana chini polepole. Akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akatafuta jina la mume wake mwenyewe, kwa zile herufi za ajabu, Fundi akamwonyesha kwa kidole bila kuligusa. Akalipapasa kwa kidole.

"Ile chai," akasema mwishowe. "Uliinywa."

"Niliinywa, Mama Divine."

"Toka."

Akatoka. Jumamosi Mtu wa Viatu alipokuja, chumba kilikuwa kitupu. Nilimwambia mkulima amekwenda shambani. Alinitazama sana. Nikaendelea kutwanga, nikahakikisha maji ya sombe yanafika kwenye viatu.

Nilikuja kujua kwamba Ijumaa hiyohiyo Fundi alikuwa amekwenda Glenwood, karibu na chuo kikuu, kuna watu wa sheria wanaosaidia wakimbizi, na wamekaa naye siku nyingi wakiandika. Alikuwa amepata chumba hukohuko, cha uani, kwenye nyumba ya wanafunzi. Mama Divine alikwenda na kitabu, akaketi upande wa pili wa meza, Fundi anasoma, watu wanaandika, hawasemezani. Maandishi yametumwa huko kunakotumwa maandishi. Redio ya nchi yao haijasema kitu. Lakini Warundi na Wakongomani wa Durban wamesema, na hao ndio redio yetu. Sasa hivi akitajwa rubani, watu wanasema: aa, yule aliyedanganywa na fundi. Kwa hiyo jina la mlevi limeondoka kwa mwanamke, na jina lingine limekaa kwa mwanamume. Majina hayapotei, yanahama nyumba.

Ofisi ya wakimbizi imemwita mara tatu kuhusu mkulima. Hawajamkubali, hawajamfukuza. Wamempa karatasi fupi kuliko ya kwanza, haitamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Hawezi kwenda mbele, nyuma kuna Mtu wa Viatu. Nimemwuliza kama amejuta.

"Sasa wananifungua, Yaya," akasema. "Inauma. Lakini angalau wameacha kuniongezea tu."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miezi michache hii iliyopita. Nilikuwa mlangoni na masufuria yangu. Nikamwona anavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, polepole, shati limefungwa mpaka juu, amekonda, mkoba wa vyuma begani. Hakuwa amerudi saluni tangu ile Ijumaa. Alisimama nje karibu yangu, hakuingia.

"Nani amekuita?" nikamwuliza.

"Nimeletewa ujumbe tu. Nije na bisibisi."

Wasusi walimwona. Hakuna aliyesema mkulima. Mama Divine akatoka mwenyewe, amekokota draya yake kwa mkono mmoja, waya unaburuzika. Akaiweka pale kizingitini, kati yangu na Fundi. Uso wake sikuweza kuusoma, na mimi husoma nyuso kuliko herufi. Akafungua lile daftari dogo la mguuni. Nikaona: miezi yote ile ambayo Fundi hakuwepo, kila siku imeandikwa, saa kwa saa, kwa mwandiko wa Mama Divine, bila kuruka hata moja.

Hakumsalimia. Hakumwita Fundi, hakumwita kwa jina.

"Inapuliza vizuri," akasema. "Lakini saa zimefika. Ifungue."

Fundi akatafuta gazeti kwenye mkoba, halikuwepo. Nikampa la kwangu la kufunikia fufu. Akapiga magoti pale nje, juani, watu wanapita, akaanza na msumari wa kwanza. Mama Divine hakurudi ndani. Alisimama juu yake mikono imefungwa kifuani, anaangalia kila kipande kinavyotoka.